Kuku Mmoja kwa Wakubwa Watatu

Nyumbani kwa Mama Rehema,
Nyuma ya kanisa,
Kasongo, Maniema.
Jumanne, tarehe 10 Februari 2026.

Mpendwa Yaya Hippolyte,

Jambo sana, Yaya wangu, kaka yangu mkubwa, na jambo tena! Habari za huko Lubumbashi? Dieudonnée, shemeji yangu, anaendeleaje na ule mgongo uliokuwa ukimsumbua wakati wa Krismasi? Na mtoto Élysée, ameshazoea shule mpya ama bado analia asubuhi? Na wewe mwenyewe, kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kiliisha? Usiniambie ni vumbi. Kila mwaka unasema ni vumbi.

Sisi huku tuko wazima, Mungu anatusaidia. Mvua inanyesha bila huruma, barabara ya soko imekuwa matope matupu na wenye pikipiki wanazisukuma badala ya kuzipanda. Mama iko na nguvu, mama yako mdogo Rehema humjui? Magoti yanamgombeza lakini mdomo haujapata ugonjwa hata siku moja. Karanga zake zimezaa vizuri mwaka huu, na anasema uchague mwenyewe kama utatumiwa mbichi ama za kukaangwa.

Najua utashangaa. Tangu lini Laetitia anaandika kwa kalamu? Yaya, kompyuta yangu na simu yangu vyote viko na macho ya watu ndani, na maneno haya sikutaka yapite huko. Kwa hiyo nimempa Emile, mume wa dada yangu Estelle. Anakwenda huko kwenu kutafuta vipuri vya pikipiki kwa wateja wake wa Salamabila, na Alhamisi atapanda ndege Kindu. Nimemwapisha asifungue bahasha. Lakini unamjua Emile, kwa hiyo nimeibandika gundi mara mbili.

Niko na furaha, Yaya. Niko na haya pia. Na vyote viwili vinakuhusu wewe, kwa sababu jina lako limo ndani ya jambo hili na usiposimama nami litavunjika. Basi kaa vizuri. Kama Dieudonnée ameshapika, kula kwanza.

Unakumbuka jinsi nilivyoacha kufundisha, na wewe ukaniombea kazi kwa Madame Aurélie, yule uliyesoma naye huko Lubumbashi, ambaye siku hizi iko na kampuni yake Kinshasa inayofundisha mashine kusikia Kiswahili. Wewe ndiye uliyekuwa mdhamini wangu. Kazi yenyewe unaijua. Wananitumia sauti za watu, nasikiliza, naandika neno kwa neno, nasema huyu anaongea kama mtu wa Bukavu, huyu wa Kalemie, hapa mtu anakohoa. Masaa nane kwa siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, hapa hapa nyumbani, chini ya ile antena nyeupe tuliyofunga juu ya bati. Kontra, yaani mkataba wangu, inasema masaa hayo ni ya Madame, na hakuna mwajiri mwingine.

Usilolijua ni hili. Nilikuwa na kazi tatu.

Wala usifikiri ni kazi za kupokezana, hii asubuhi na ile jioni. Tatu kwa wakati mmoja, kila moja ya siku nzima, na kila mkubwa akiamini kwamba masaa yangu nane ni yake peke yake! Ongeza mwenyewe. Mimi Laetitia nilikuwa nafanya kazi masaa ishirini na nne, na ikifika saa kumi na moja jioni nimeshamaliza, niko jikoni natwanga sombe, majani ya muhogo.

Ilianza bila ubaya wowote. Sauti za Madame nilikuwa nazimaliza saa sita za mchana, maana mikono yangu ni myepesi na masikio yangu yamekulia katika soko hili ambamo kila mtu anakuja na Kiswahili chake. Mchana mzima nilikuwa nakaa bure nikitazama mashine. Ndipo duka moja la Nairobi, linalouza vitu kwa simu, likatafuta mtu wa kujibu malalamiko ya wateja kwa kuandika. Nikajaribu tu, kwa mchezo. Wakanichukua. Miezi minne baadaye kampuni moja ya Ulaya ikatafuta mtu wa kugeuza barua za Kifaransa ziwe Kiswahili. Nikajaribu tena. Wakanichukua nao!

Nitakudanganya nikisema kwamba nilihuzunika. Aye, Yaya, nilicheza ndani ya nyumba peke yangu! Miaka mitano ya mwisho ya kufundisha nilibeba diploma yangu mlango kwa mlango katika Kasongo hii nikitafuta kazi bora, mpaka plastiki yake ikapasuka, na hakuna aliyeniambia hata njoo kesho. Sasa watu wa nchi tatu wananiita kwa siku moja. Nani angekataa? Wewe ungekataa? Sema kweli.

Nikapanga meza yangu kama mtu anayeuza sokoni. Kompyuta ya Madame kushoto, ya Nairobi katikati, ya Ulaya kulia. Kila moja iko na alama ndogo ya kijani inayomwambia mkubwa kwamba upo kazini. Ukikaa dakika kumi bila kugusa kitu, inageuka ya manjano, na mkubwa anaanza kuuliza. Basi nikamfundisha Mama. Alikuwa anakaa pale na karanga zake, anamenya, na kila baada ya muda kidogo anasukuma kile kipanya cha kompyuta kwa kidole kimoja, kushoto kidogo, kulia kidogo. Alikuwa mwaminifu kwa kazi hiyo kuliko mimi.

Mambo yaliyonipata utacheka. Siku moja mteja wa Nairobi alilalamika kwamba pasi aliyonunua haipati moto, na mimi nikamjibu kwa heshima zote: hapa mtu anakohoa. Siku nyingine nilikuwa kwenye mikutano miwili, kila sikio na mkutano wake. Madame akaniuliza kama nimemaliza, nikasema ndiyo, ndiyo, bila shaka! Kumbe maneno yamekwenda Ulaya, ambako walikuwa wanatafuta mtu wa kusimamia sikukuu yao ya Krismasi. Nikachaguliwa mimi, mtu ambaye hajawahi kuona hata mlango wa ofisi yao. Nilichagua keki kwa picha, Yaya, na nasikia ilikuwa tamu.

Nakusikia huko ukisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi nilishika tatu na hakuna iliyoniponyoka, hiyo niandikie. Nilikuwa najitetea hivi: hapa kwetu nani iko na kazi moja? Mwalimu anafundisha asubuhi, mchana anauza mawese. Muuguzi iko na shamba, iko na pikipiki anayoikodisha, na Jumapili anaimbisha kwaya. Mtu wa kazi moja huku tunamwonea huruma. Basi kwa nini mimi niwe mwizi?

Lakini moyoni nilikuwa najua. Kila simu ya Madame ikilia nilikuwa naruka kama mtu aliyekanyaga moto. Na kila nilipoongea na wewe, ukiuliza kazi inaendaje, nilikuwa nasema vizuri Yaya, halafu nauliza haraka habari za Élysée. Hukuona?

Sasa nikueleze jambo la Mama, maana yeye ndiye aliyeniumbua, maskini, kwa adabu yake.

Unajua desturi yetu. Mtu akimpa mtoto wako kazi, mzazi anachukua kuku na kwenda kumsalimia na kumshukuru. Usipokwenda, ni kusema mtoto yule hana mtu nyumbani. Tangu mwaka wa kwanza Mama alikuwa anadai apelekwe kwa Madame. Nikamwambia Kinshasa ni mbali. Akasema basi kwenye hiyo video. Nikasema kesho, Mama. Mwezi ujao, Mama. Nikazidi kuongeza wakubwa na yeye akazidi kuona haya, kwamba sasa ni watatu wamemlisha mtoto wake na hakuna hata mmoja aliyesikia aksanti kutoka nyumba hii.

Jumatano iliyopita, saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye mkutano wa Nairobi, masikio yote mawili yamefungwa. Madame akapiga kwenye kompyuta ya kushoto. Haikuwa siku yake ya kupiga! Mama alikuwa pale na karanga. Akaona picha ya simu ya kijani, akaigusa kama anavyogusa simu yake, na Madame Aurélie akatokea mzima mzima, na miwani yake. Mama akamwambia angoje kidogo. Akatoka mbio, na magoti hayo hayo, akazunguka uani mpaka akamkamata yule kuku mweupe wa mayai. Muda huo wote Madame alikuwa anatazama ukuta wetu.

Mama akarudi akakaa mbele ya kioo, kuku mapajani. Akaanza kusalimia vizuri kabisa, bila kuruka mtu. Muko wazima huko? Watoto wazima? Bwana wako muzima? Mvua inanyesha? Na Madame, malezi mema jamani, akajibu moja moja. Ndipo Mama akasema maneno ambayo ameyarudia hapa mpaka nimeyashika kwa moyo: "Madame, mimi ndiye mama ya Laetitia. Aksanti sana kwa kazi ulimupa mutoto wangu. Unisalimie tena wakubwa wenzako wawili, ule wa Nairobi na ule wa Ulaya. Kuku iko moja tu, mutanisamehe. Mutagawana."

Madame akauliza kwa upole, wakubwa gani, Mama?

Na Mama, furaha imemjaa, akageuza kompyuta nzima amwonyeshe. Huyu hapa ni wa Nairobi. Ule kule ni wa Ulaya. Na huyu katikati anayewaonyesha mgongo ndiye mutoto wangu mwenyewe, anafanya kazi sana, hata kula anasahau. Kwake yeye, Yaya, wakubwa wa mtoto mmoja ni lazima wajuane. Wakwe hawajuani? Mimi sikusikia lolote mpaka kuku, aliyemponyoka Mama, akapiga mabawa shingoni mwangu. Nikageuka, nikaona uso wa Madame unanitazama kutoka mikononi mwa Mama.

Yesu wangu! Nilitaka ardhi ipasuke.

Madame hakupiga kelele. Kwanza alimwambia Mama, "Kuku nimepokea, Mama. Unifugie." Mama akapiga makofi ya shukrani akatoka. Halafu Madame akaniita nikae. Aliniuliza swali moja tu, kama wewe unajua. Nikasema hapana, Yaya Hippolyte hajui kitu. Akavua miwani, akaifuta. Halafu akasema angeweza kuvumilia kudanganywa na mimi, maana hanijui. Kinachomuuma ni kwamba nilimdanganya kwa kutumia mdomo wako.

Ndipo akanieleza kwa nini alipiga siku isiyo yake. Alitaka kuniambia kwamba kampuni inaanza kazi mpya hapa kwetu: kukusanya sauti za watu wa Maniema, Kiswahili chetu pamoja na Kizimba na Kibangubangu, ili simu zijifunze kuwasikia wazee wetu nao. Alitaka nisimamie mimi. Kasongo, Lusangi, Kabambare, mpaka Salamabila kwa wachimbaji wanaotoka kila upande. Yaani siku ile ile aliyokuja kunipandisha, ndiyo siku aliyonikuta na wakubwa wenzake!

Nililia, sikufichi. Mama akaja akauliza nani amekufa. Nikamweleza yote, na nilidhani ataniambia pole. Wapi! "Mutu anaficha ugonjwa, anaficha muke wa pili," akasema. "Kazi, Laetitia? Kazi inafichwa?"

Hapo ndipo utetezi wangu wote ulikufa. Mwalimu anayeuza mawese anauza mchana kweupe, hata mkuu wa shule ananunua kwake. Hakuna anayemdanganya mtu. Mimi nilikuwa nauza siku moja kwa watu watatu, na kila mmoja nampa mkono wa kulia.

Kesho yake asubuhi niliwaandikia Nairobi na Ulaya, nikawaambia ukweli mzima na kwamba naacha. Sikungoja Madame anijibu kwanza. Nilijua nikingoja nitaanza kupima. Nairobi walijibu mistari miwili, ya pili ilikuwa kwaheri. Ulaya wao walinitumia picha ya ua na kunipongeza kwa kuwa mfanyakazi bora wa mwezi wa kwanza. Nafikiri ni mashine iliyojibu. Siku mbili baadaye mtu mwenyewe akasoma, na ua halikurudi tena.

Sasa meza iko na kompyuta moja na nafasi kubwa, Mama ameweka bakuli la karanga pale ilipokuwa Nairobi. Nalala, Yaya! Nakula chakula kikiwa cha moto! Simu ikilia naipokea bila kuangalia nani anasikiliza. Sikujua nilikuwa nimechoka kiasi gani mpaka nilipokaa.

Na kazi hiyo mpya, aye, nimeshaianza kabla sijapewa. Jumamosi nilichukua simu nikamwekea Mama, nikamwomba ataje majina ya uyoga wote anaoujua. Alitaja mpaka nikaacha kuhesabu, na kila mmoja na mti wake na mwezi wake, na majirani wawili wakaja kumbishia. Nimesikiliza mara tatu. Mimi niliyefundisha shule miaka yote ile, nusu ya majina hayo sikuwa nayo. Nikifikiri kwamba nitazunguka Lusangi na Kabambare kufanya hivyo kila siku, mbele ya watu, jina langu kifuani, moyo unapiga kama ngoma ya arusi.

Lakini bado sijapewa. Jumatatu Madame aliniandikia. Amesema kontra ya zamani imekufa. Iko tayari kuandika mpya, ya kazi hiyo, kwa sharti moja: yule aliyenidhamini anidhamini tena, safari hii akijua kila kitu. Usipotaka, tutaachana kwa amani na atatafuta mtu mwingine. Anangoja mpaka mwisho wa mwezi huu. Karatasi yenyewe ya udhamini imo ndani ya bahasha hii, na Emile atakaa huko siku kumi.

Mama anakusalimia sana. Estelle anakusalimia na anakuomba umchunge mume wake asinunue redio nyingine. Mpe shemeji Dieudonnée mkono wangu, mwambie asibebe maji peke yake. Mbusu Élysée kila shavu. Mungu awafunike nyote, awape siku zenye baraka na usingizi wa watu wasio na la kuficha, maana huo ni mtamu, nimeuonja wiki hii.

Yaya, sikuombi unitetee kwa Madame. Atakupigia. Akikuuliza, usimwambie mimi ni mtoto mwema, wala usimwambie nilikuwa na shida, maana sikuwa na shida, nilikuwa na tamaa na raha ya kuitwa. Mwambie ninayokuandikia hapa. Na ukiona jina lako limechoka kubeba langu, rudisha karatasi nyeupe vilevile. Nitalia, halafu nitakuja Krismasi na karanga zako kama kawaida. Undugu hautiwi sahihi.

Mara ya kwanza Emile, aliyekuletea karatasi, alituambia uliweka sahihi ukiwa umesimama mlangoni, bila kusoma hata mstari mmoja, ukasema si ni Laetitia tu. Safari hii kaa, usome yote. Halafu kama bado ni Laetitia tu, weka.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na ninayekungoja,

Laetitia